PIPA NI MOJA, SHERIA NI MBILI

Sisi watu wa Pwani ni Waislamu, na Mwislamu hanywi pombe. Hata hivyo methali tunayowafundisha watoto wetu kabla hawajaingia skuli ni ile ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Sijapata kumsikia mzee yeyote akiikataa methali hiyo kwa sababu imetaja tembo. Babu zetu waliishi na wagema, walijua tembo tamu la asubuhi na tembo kali la jioni, na kutokana na jambo walilolikataa midomoni mwao walitoa hekima ya kuwafaa. Nayataja haya mapema ili msomaji asije akaniuliza, "Wewe, mtoto wa Kiislamu, wataka nini katika habari za pombe ya Wajaluo?"

Jibu langu ni kwamba sikufuata pombe. Nilifuata guru.

Marehemu baba yetu alituachia nyumba moja Mombasa. Tuliiuza, tukagawana mirathi kama sharia inavyoamuru. Mdogo wangu, ambaye ni mfanyabiashara, akaja na shauri kwamba mafungu yetu sote, yaani langu, lake na ya dada zetu wawili, tuyatie katika kinu cha sukari guru huko Migori, ambako mwenye kinu alikuwa akitafuta mshirika. Dada zetu wakaniambia, "Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu. Nenda ukaone kwa macho yako kabla hatujatoa hata shilingi." Ndipo nilipopanda basi la usiku hadi Nairobi, na kutoka Nairobi nikashika njia ya Kisii na Rongo mpaka Awendo.

NCHI YA MIWA

Asiyefika huko hudhani Ziwa ni samaki tu. Kweli, Homa Bay ni mji wa ngege na omena, lakini ukiipa pwani ya Ziwa kisogo, ukaelekea Ndhiwa, Awendo na Migori, utaona miwa mpaka macho yachoke. Hapo zamani nchi yote hii ilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini. Tangu katiba ya mwaka 2010 ni kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Kiwanda cha sukari cha Awendo, kinachojulikana kwa jina la SONY, kilianza kazi mwaka 1979, na wenyeji wengi wakang'oa mahindi na mtama wakapanda miwa kwa matumaini.

Miwa ina tabia yake. Hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, au miwili, kabla ya kukatwa. Ikishakatwa, ikichelewa kusagwa hukauka na kupungua uzito. Na mkulima akishaitoa shambani, malipo nayo yana safari yao. Wakulima wa miwa wa magharibi ya Kenya wamelia kwa miaka mingi kwa sababu ya fedha zinazochelewa. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa viwandani kwa takriban miezi minne, kwa kuwa miwa iliyokomaa ilikuwa haba. Mwaka 2025 viwanda vinne vya umma, na SONY kimojawapo, vikakodishwa kwa makampuni binafsi kwa muda wa miaka 30. Huenda mambo yakatengenea. Lakini mwenye mtoto wa kulipiwa karo mwezi wa Januari hawezi kungoja mambo yatengenee.

Hapo ndipo kinu cha guru kinapopata riziki yake. Ni banda la mabati lenye mashine ya dizeli ya kukamulia miwa, na nje makarai makubwa yaliyopangwa juu ya tanuri. Kuni ni makapi ya miwa yenyewe. Maji ya miwa huchemshwa na kukorogwa hadi yawe mazito, kisha humiminwa katika vibao yakagande. Mkulima hulipwa taslimu siku ile ile. Ni kazi safi na ya halali, na nilipoonja guru ya moto nikakumbuka kashata za nyumbani. Nikasema moyoni, mdogo wangu hakukosea.

Kisha nikamwuliza mwenye kinu swali ambalo kila anayetia fedha zake lazima aulize: "Wateja wako ni akina nani?"

Akanijibu, "Mwalimu, kuna wenye maduka, na kuna akina mama."

"Akina mama wanafanyia nini gunia zima la guru?"

Akacheka. "Mwalimu, kumbe hujui? Huku guru haingoji chai. Wapikaji wa chang'aa wakikosa guru, mimi nitauza kwa nani? Hao ndio hunichukulia gunia kwa gunia."

YADI YA MAMA

Sikutaka kuamua jambo kwa maneno ya mtu mmoja. Nikaomba kupelekwa kwa mmoja wa wateja hao, na kijana mmoja wa kinuni akanipeleka kwa jamaa yake, upande wa Ndhiwa. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye watoto wanne na wajukuu wawili aliowachukua baada ya kufiwa na binti yake. Kaunti hizi mbili ni miongoni mwa zile zilizopigwa vibaya zaidi na ukimwi katika Kenya nzima, na mjane mwenye wajukuu wa kulea si ajabu huko. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti na chai, na alipojua mimi ni Mwislamu akaomba radhi kwa harufu ya yadi yake. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye mgeni. Radhi niombe mimi."

Ikumbukwe kwamba Wajaluo wana pombe yao ya asili, nayo si chang'aa. Ni busaa ya unga uliochachuka na kimea cha wimbi, ambayo wazee walikuwa wakiinywa ya vuguvugu, chungu kimoja katikati na kila mzee na mrija wake mrefu uitwao oseke. Ilinyweka kwa adabu, kwa umri na kwa shughuli maalum. Chang'aa ilikuja baadaye, na ilikuja na moto na mvuke.

Katika yadi ile niliona pipa la chuma juu ya mafiga matatu. Ndani mna kangara, yaani mchanganyiko wa guru na unga uliokwisha chachuka. Chungu kidogo huwekwa ndani juu ya kangara ili kukinga matone, na mdomoni mwa pipa hufunikwa sufuria ya maji baridi. Mvuke hupanda, ukigusa sufuria baridi hugeuka matone, matone huanguka chunguni. Basi.

Nilisimama pale nikitazama nikajua kwamba chombo kile nimepata kukisikia. Ndugu zetu wa Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, hutengeneza marashi ya mawaridi kwa namna hiyo hiyo: chungu cha mawaridi juu ya moto, bakuli ndani, chombo cha maji baridi juu. Yale marashi tunayonyunyiziana harusini na maulidini ni ndugu wa matone yale kwa upande wa chombo, ingawa si kwa upande wa hukumu.

"Mama," nikamwuliza, "kwa nini usiweke hata wiki moja ipoe?"

"Niiweke wapi, mwalimu? Nikiiweka, chifu ataikuta. Na skuli hainiwekei mtoto. Ikidondoka asubuhi, jioni imekwisha. Nikipata, ni karo. Nikikamatwa, ni faini, na faini hiyo nitailipa kwa kupika tena."

PIPA LA WENZETU

Maneno hayo yalinirudisha kwenye jambo nililolisoma juu ya mvinyo mtamu wa Ulaya, ule unaotiwa nguvu kwa pombe ya mvuke na kulazwa katika mapipa ya mwaloni. Kule Jerez, kusini mwa Hispania, na katika bonde la Douro la Ureno, kuna koo ambazo kazi yao ni hiyo tangu mababu. Nyumba ya González Byass ya Jerez, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1835 na hadi leo ni mali ya ukoo. Huchukua zabibu, nyingine zikaanikwa juani mpaka zisinyae na kuzidi utamu, wakazikamua na kuziacha zichachuke. Kisha humimina ndani yake pombe kali iliyopikwa kwa mvuke, ambayo huizuia hamira isiendelee na kazi, na sukari ya zabibu ikabaki humo. Baadaye hulazwa pipani miaka na miaka. Nguvu yake hufikia sehemu 15 hadi 22 kwa mia, zaidi sana ya bia.

Na lau tungejua, habari hii inatugusa. Jerez ni mji uliokuwa chini ya Waislamu wa Andalusia, wakiuita Sherish, na jina la mvinyo wake, sherry, limetoka hapo. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika juu ya kupika manukato kwa mvuke, na chombo chenyewe Wazungu hukiita kwa jina walilolipata katika Kiarabu, al-anbiq. Hata neno alkoholi ni la Kiarabu. Na Kiswahili chetu kikalipa deni kwa upande wa pili: Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walituachia maneno mvinyo na pipa. Leo mama wa Ndhiwa anapoliita chombo chake pipa, anatumia neno la mabaharia wa Kireno waliokuwa wakisafiri na mvinyo wao.

Nasema haya ili tuone kwamba katika kazi yenyewe hakuna ushenzi upande mmoja na ustaarabu upande mwingine. Sukari ni sukari, hamira ni hamira, mvuke ni mvuke. Mmoja ana pipa la mwaloni, ghala la mawe, karatasi ya serikali na wakati. Mwingine ana pipa la chuma, kichaka, hofu na karo ya Januari. Wa kwanza chupa yake huuzwa katika hoteli kubwa za Nairobi na Mombasa, tena kwa heshima. Wa pili chombo chake hupigwa teke.

SHERIA ILIVYOKUJA

Tofauti hii haikuanza juzi. Mwaka 1919 madola ya Ulaya yalitia sahihi mkataba wa Saint-Germain wa kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika, hali wao wenyewe wakiendelea kuinywa. Nchini Kenya pombe ya mvuke ilishika mizizi kwa Wanubi wa Kibera, wale askari wa Kisudani waliohudumu katika jeshi la Mwingereza, hata ikaitwa jini ya Wanubi. Wanubi ni Waislamu, ndugu zetu. Hilo ni la kutuinamisha kichwa kabla hatujamnyooshea kidole Mjaluo.

Baada ya uhuru, Uganda ilichagua njia yake: kwa sheria ya mwaka 1965 wapikaji wa enguli walitakiwa wawe na leseni, na pombe yao ikasafishwa kiwandani ikawa Uganda Waragi. Kenya ilishika njia nyingine. Mwaka 1969 serikali iliunda kampuni ya KWAL ya kushughulikia mvinyo na pombe kali za chupa. Mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria ya kuipiga chang'aa marufuku kabisa. Kwa miaka 30 chang'aa ikawa haramu ya serikali, wala haikupungua. Iliyoongezeka ni rushwa.

Mwaka 2010 ikaja sheria mpya, ambayo wananchi waliiita ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka Bungeni, na marufuku ya 1980 ikafutwa. Chang'aa ikaruhusiwa, lakini kwa masharti: leseni, ubora uliopimwa, chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, na maandishi ya onyo. Kwa mwenye kiwanda, masharti hayo ni gharama ya kazi. Kwa mama wa Ndhiwa ni marufuku ile ile iliyovaa kanzu mpya. Leseni za pombe sasa ni kazi ya kaunti, naye aliniambia hajapata kumwona mtu aliyemweleza aanzie wapi.

Wakati huo huo serikali ilijua kusaidia ilipotaka. Bia ya Senator ilipoletwa mwaka 2004 ilipewa msamaha wa ushuru ili maskini wapate kinywaji cha bei nafuu waiache chang'aa. Msamaha ulipopunguzwa mwaka 2013, mauzo yake yakaanguka sana. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa tena mwaka 2019, na wakulima wa mtama wa kando ya Ziwa wakapata soko. Kwa hivyo si kweli kwamba serikali haiwezi kumtazama mnywaji maskini kwa jicho la huruma. Humtazama, mradi apitie mlango wa kampuni kubwa.

SUMU INATOKA WAPI

Mtu ataniambia, "Lakini chang'aa inaua." Naam, inaua. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mwaka 2014 makumi wakafa katika kaunti kadhaa. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga, na iliripotiwa kwamba kinywaji kile kilitokana na vielelezo vilivyokuwa vimekamatwa na polisi. Mwezi uliofuata waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akatoa amri 25 juu ya pombe haramu. Julai 2025 ikatangazwa sera mpya, na ndani yake pendekezo la kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21.

Lakini tuseme kweli. Kinachoua watu makumi kwa usiku mmoja aghalabu ni methanoli, spiriti ya viwandani inayotiwa na mfanyabiashara mwenye pupa ili kuongeza ujazo na makali. Guru na unga vikichachuka havitoi methanoli ya kiasi hicho. Yadi ya mama ina hatari zake: pipa lililopata kuwekewa dawa za viwandani, maji machafu, nguvu isiyopimwa, na ulevi wenyewe unaovunja nyumba. Lakini msako unapomfunga mpikaji anayejulikana na kijiji kizima, mnywaji haachi kiu yake, humfuata asiyejulikana. Na asiyejulikana ndiye mwenye spiriti.

SISI TUNASEMAJE

Kwetu Waislamu hukumu iko wazi, wala sikusudii kuilegeza. Cha Jerez na cha Ndhiwa, cha chupa ya dhahabu na cha kopo la plastiki, vyote ni kimoja. Kwa sababu hiyo hiyo nadhani sisi ndio tunaoweza kusema kwa uadilifu, maana hatuna kinywaji chetu tunachokitetea. Anayekunywa wiski ya hoteli kisha akahubiri dhidi ya chang'aa ana lake jambo. Sisi hatuna.

Na dini yetu ilitufunza pia namna ya kukataza. Katazo la pombe halikushuka siku moja. Lilikuja hatua kwa hatua, kwanza kwa kutajwa madhara yake kuwa makubwa kuliko manufaa, kisha kwa kuzuiwa sala katika hali ya ulevi, mwisho kwa kukatazwa kabisa. Siku lilipotimia, watu wa Madina walimwaga vyombo vyao kwa mikono yao wenyewe. Walikuwa wamekwisha jengewa imani, udugu na zaka. Marekani ilipiga pombe marufuku mwaka 1920 kwa nguvu ya dola peke yake, na mwaka 1933 ikashindwa ikaiondoa marufuku hiyo.

Basi wakati wa kupika chai ya jioni tuulizane. Nyumba zetu ngapi za Mombasa, Malindi na Kwale zimekodishwa vilabu vya mnazi, nasi twapokea kodi tukisema hatunywi? Tumefundishwa kwamba laana ya pombe haiishii kwa mnywaji. Humfika mkamuaji, mchukuzi, muuzaji na mla thamani yake. Na wanazuoni wamelijadili tangu zamani swali la mwenye shamba amwuziaye zabibu mtu anayejua kwamba atazikamua mvinyo. Swali hilo lilinifuata mimi hadi kinuni Migori, kwa kuwa guru ndiyo zabibu ya huko.

Nilimwambia mama yule ukweli, kwamba nimekuja kutazama kama ukoo wetu utie fedha katika kinu, na kwamba nikishajua guru inakokwenda siwezi kula faida yake. Akanitazama kwa muda, akasema, "Ni sawa, mwalimu. Usiponunua, guru itashuka bei, nami nitapata nafuu." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akipiga hesabu yake, kama mimi nilivyokuwa nikipiga yangu. Nami nikaona kwamba mtu aweza kuosha mikono yake vizuri sana, na maji yakaenda kumiminika kwenye yadi ya mwenziwe.

Nikamwuliza angefanya kazi gani lau angekuwa na hiari. Akajibu bila kufikiri, "Omena. Lakini omena inataka fedha ya kuanzia. Pipa nilirithi."

Huo ndio ufupi wa jambo lote. Kaunti za Migori na Homa Bay zikitaka pipa lile lizimike, zianze na malipo ya miwa yafike kwa wakati, na mkopo mdogo usio na kitanzi kwa mjane anayetaka kuuza omena. Kwa yule asiyeacha, na si Mwislamu, kuwe na leseni ya kikundi anayoimudu na mtu wa afya wa kuipima pombe yake, ili msako ubaki kwa wenye methanoli. Nasi wenye zaka tukumbuke kwamba misikiti ya Homa Bay na Migori ina masikini wake, na kwamba hisani yetu haikuandikiwa kuishia Mariakani.

Niliporudi Mombasa niliwaeleza mdogo wangu na dada zetu yote, hata neno la mama juu ya bei. Tulikaa hadi usiku. Ubia wa kinu tuliukataa. Lakini mdogo wangu akasema hatanyamaza tu: atanunua guru kinuni kwa taslimu na kuileta Pwani kwa maduka ya kashata na wapika vitamu wa Ramadhani, na katika lori hilo hilo alete omena, sehemu yake kutoka kwa mama wa Ndhiwa, ambaye dada zetu walikubali kumtangulizia fedha ya kuanzia bila riba.

Gunia linalofika Mombasa haliingii pipani. Ni gunia moja, najua, na makarai ya Migori ni mengi. Mama amekwisha leta omena mara mbili. Pipa bado liko yadini, akasema, ila limeinamishwa.